Mpishi wa Inzi

Mimi Piroska, napikia inzi.
Unga wa mahindi, hamira, molasi, chembe za agaa.
Saa kumi na moja alfajiri sufuria linatokota
na ghorofa nzima ya taasisi, hapa Szeged,
inanukia kama kiwanda cha mkate walichokifunga
nikiwa nimeajiriwa humo miaka ishirini na miwili.
Inzi hawalalamikii chumvi.

Jana usiku Emőke aliniita kwenye hadubini.
Kucha amezitafuna hadi nyama, msichana yule,
na tangu Jumatatu analala juu ya koti lake.
"Njoo, shangazi, uone uji wako umekuwa nini."

Nikaona giza. Kisha, ndani ya giza, kijani:
ngazi ndogo, nguzo mbili na vipago vyake,
nyembamba kuliko unywele uliochanwa mara mia.
Ni kiinitete cha inzi, hakijatimiza hata siku moja,
na ule, akasema, ni uti wa neva,
unapanda hadi kwenye ubongo
ambao bado unajishona.

Kila uzi una ncha, na ncha ni kiganja,
kiganja kisicho na jicho.
Kinapapasa. Kinanyoosha kidole, kinakikunja.
Katikati pana mstari, na mstari una ndimi mbili:
molekuli moja inasema karibu, hata kabla ya hodi,
nyingine inasema toka.
Zote mbili zinatoka mlango uleule.
Nimewahi kuishi katika nyumba ya namna hiyo.

Nikauliza: sasa anayevuka, anavukaje?

Anavuka kwa uziwi, akasema Emőke.
Ndani ya seli iko protini inayoyavizia masikio njiani,
kabla hayajafika kwenye ngozi ya uzi,
inayatupa jaani.
Basi uzi hausikii toka. Unasikia karibu peke yake,
unavuka.
Ukishagusa ng'ambo, masikio yanaota,
na ile sauti inaufikia kwa ukali wake wote:
usirudi.
Haurudi.

Sikio la kufa, husemwa, halisikii dawa.
Hapa lisilosikia ndilo linalofika.

Kisha akabadilisha kioo.
Hawa, akasema, jeni ya sikio imeharibika.
Ngazi haikuwa ngazi tena.
Nyuzi zilivuka, zikarudi, zikavuka,
pete juu ya pete, kama mtu anayetafuta miwani
iliyo usoni mwake.
Walioigundua jeni hiyo waliipa jina la kipilefti.
Emőke alicheka. Mimi nilichelewa kucheka.

Mara tatu nilifunga sanduku la bluu.
Mara ya kwanza nilifika daraja la Tisza.
Mara ya pili stesheni, tiketi ya Pécs mkononi,
nikanunua kahawa, nikaimaliza, nikarudi nyumbani kupika.
Mara ya tatu nilikaa Pécs siku kumi na moja
kwa dada yangu Etelka, na bomba lake la maji
usiku kucha likidondoka: karibu, karibu.
Dezső hakunifuata. Hakuwa na haja.
Alikuwa anajua hesabu ya mizunguko yangu
kuliko mimi.

Amekufa sasa. Hata hivyo, nikitoka kazini
mguu wangu bado unakata kona ya mtaa wake.

Niliinamia lenzi mpaka jicho likatoa chozi.
Taa kali, nikamwambia Emőke.
Naye, bila kuniangalia, akiandika daftarini:
"Hao hawaanguliwi, shangazi. Hawafiki mbali.
Wazazi wao ndio wazima; wamebeba nusu ya kosa,
wanakula, wanataga."

Wanakula.

Leo alfajiri nimepika kama kawaida.
Lakini chupa za trei ya arobaini na moja
nimeziongezea kijiko cha hamira.
Haitanyoosha uzi wowote, najua.
Emőke atakuja saa tatu, atafungua kizibo,
atashangaa kwa nini wale tu
wananukia mkate.